Farasi anayekohoa: kuitambua pumu na kuituliza

Farasi akikohoa mara mbili tatu anapoanza kukimbia, wengi husema ni vumbi tu, atazoea. Hazoei. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, mabanda yetu yako Karen, Nairobi, na kikohozi hicho sikiachi kipite.

Mwangalie akiwa ametulia, kabla ya kazi. Simama ubavuni, shika saa, tazama tumbo. Farasi mzima hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na tumbo halichezi sana. Mwenye pumu kali hulikaza tumbo mara mbili ili atoe pumzi moja, matundu ya pua yamepanuka. Akikaa hivyo muda mrefu, msuli huota kama kamba chini ya mbavu, kuelekea kiunoni. Pitisha vidole utaupata.

Kisha mpime joto. Pumu haileti homa. Likizidi nyuzi 38.5, ita daktari wa mifugo upesi. Msimu wa mvua kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi: sehemu za juu ya macho huvimba, povu hutoka puani, na huua haraka. Hata bila homa, wa kuthibitisha pumu ni daktari. Huingiza maji ya chumvi mapafuni kwa mrija wa mpira, akayavuta na kuyapima kwa hadubini.

Sasa nyasi, maana hapa ndipo penye kazi. Boma rhodes, aina ya nyasi za kulishia, iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu. Fungua robota, vumbi likipaa kama moshi, usimpe huyu hata ukililowesha. Nyasi safi zizamishe zote kwenye pipa nusu saa, zichuruzike, azile zikiwa zingali na maji. Maji yale mwaga. Mwekee chini, si kwenye wavu wa juu, kwani kichwa kikiinama makamasi hutoka. Ukifagia, mtoe kwanza. Na jirani yake akila nyasi kavu, wote wawili wanavuta vumbi moja, kwa hiyo loweka za wote. Bora kuliko yote, alale nje malishoni usiku na mchana.

Dawa ya deksamethasoni hufungua kifua haraka, ndipo mwenye farasi anaona amepona, anataka nyasi kavu zirudi. Kataa. Dawa ikiisha na vumbi lipo, kikohozi kinarudi, na dawa hizo zikizidi zinaweza kumharibu kwato. Kama ni wa mbio, muulize daktari mapema dawa ikome siku ngapi kabla ya mashindano.