Ratiba ya kilomita 21 ikivurugwa na msiba, homa au goti

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au siku za kwanza za Machi. Anayejiandaa kwa wiki 16 kukimbia kilomita 21 zake anaanza tizi Novemba kwenye matope ya vuli, anapitia Krismasi mgombani kwenye mbege na nyama, kisha anaingia Januari ya ada. Ni nadra wiki 16 za namna hiyo zipite bila kitu kuharibika. Ratiba ya siku sita kwa wiki haina pa kupumulia. Panga siku nne, na ujue tangu mwanzo ipi inakatwa kwanza.

Zinazolindwa ni mbili: mbio ndefu na vilima. Njia ya kilomita 21 inapanda kuelekea Mweka kisha inashuka kurudi mjini, kwa hiyo mapaja yasiyozoea kilima huadhibiwa mara mbili. Wiki ikibana, ondoa kwanza mbio za kasi, halafu ile fupi nyepesi. Mbio ndefu iweke Jumamosi alfajiri. Ikishindikana, bado unayo Jumapili baada ya ibada.

Siku zilizopotea hazifidiwi. Hapa ndipo wengi wanapoumia: aliyekosa kilomita 30 wiki hii anazipachika juu ya 35 za wiki ijayo. Pumzi hurudi upesi, lakini kano na mifupa huchukua wiki kadhaa, hivyo unajisikia mzima huku muundi haujawa tayari. Kipimo cha kufuata ni hiki:

- Siku 1 hadi 3: shika ratiba hapo ilipofika leo. Usirudi nyuma.
- Siku 4 hadi 7: siku mbili za mwendo wa kuongea, dakika 30 kila moja, ndipo urudi kwenye ratiba. Mbio ndefu ya kwanza ipunguze kwa robo.
- Siku 8 hadi 14: wiki ya kwanza kimbia nusu ya kilomita zako za kawaida, ya pili robo tatu, bila kasi.
- Zaidi ya wiki 3, na zimebaki chini ya wiki 8: sahau muda uliojiwekea. Lenga kumaliza, au hamia kilomita 5.

Mwendo wa kuongea ni ule ambao unasema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati.

Msiba unataka maelezo yake. Mtu wa Arusha akifiwa Rombo au Kibosho anaweza kuondoka siku tatu hadi tano. Analala mkekani, anashinda kwenye kiti cha plastiki, na huenda sahani ya kwanza ya maana ikamfikia saa 10 jioni. Kabla ya maziko usionekane barabarani na bukta. Watu watasema, na watakuwa na haki. Tembea. Njia za mgombani zina mwinuko wa kutosha: dakika 40 za kupanda kwa hatua za haraka saa 12 asubuhi, kabla kamati ya msiba haijaanza kukutafuta, zinailinda miguu kuliko unavyodhani. Ukitumwa maji au kuni, hesabu hiyo nayo kama tizi. Baada ya maziko unaweza kukimbia dakika 20, ila kimbia ukipanda na utembee ukishuka. Kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja, na maumivu yake hukolea siku ya pili, ukiwa umebanwa kwenye kiti cha basi.

Ukirudi mjini, pima mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani: hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakizidi kawaida yako kwa 8 au zaidi, siku hiyo tembea tu. Huzuni na kukosa usingizi huyapandisha hata kama miguu imepumzika. Wiki mbili za kwanza acha saa nyumbani, na uchague mzunguko wa kilomita 2 karibu na kwako (wa Moshi wana vivuli vya Shanty Town) badala ya njia ndefu ya kwenda na kurudi. Machozi huja bila hodi katikati ya kilima, kifua kinabana, na kilomita 8 kutoka nyumbani ni mbali kuanza kutafuta bodaboda. Mwenzako wa tizi mwambie mapema kwamba siku nyingine hamtaongea.

Ukiwa na homa, hata nyepesi, usikimbie. Mafua ya puani tu yanaruhusu dakika 30. Yakishuka kifuani, lala. Malaria ikithibitishwa kwa kipimo, maliza dozi yote ya dawa ya mseto, ukiimeza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri. Lakini dozi kuisha si damu kurudi. Malaria huharibu chembe nyekundu, ndiyo maana kilima ulichokizoea kinakushinda wiki moja baadaye. Subiri siku 7 tangu homa ishuke, anza kwa kutembea, na ukiwa bado unahema kupita kiasi wiki ya tatu, kapime wingi wa damu.

Goti au muundi ukiuma, ruka kwa mguu huo mmoja mara 10. Ikiuma, panda baiskeli. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, hasa yanayokuamsha usiku, ni ya daktari, na eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe ufa. Kumeza diclofenac, dawa ya maumivu, kabla ya mbio ndefu ni kosa: inaficha onyo, na mwili ukipungukiwa maji inaelemea figo.

Wiki mbili za mwisho usiongeze chochote, kwani faida ya tizi huchukua siku 10 hivi kuonekana. Aliyejifua Arusha, kwenye mita kama 1,400, ana shida nyingine: joto la Moshi. Mara tatu kimbia dakika 30 nyepesi saa 5 asubuhi badala ya alfajiri. Siku yenyewe, kama ulipoteza zaidi ya wiki mbili, panda polepole kwa sekunde 40 kila kilomita kuliko ulivyopanga, na kila kituo cha maji tembea mpaka umalize kunywa. Mlima ukiisha usijiachie mteremkoni. Anza kufungulia kilomita ya 16, si kabla.