Kusimika Seva ya PostgreSQL kwa Mapokezi ya Mwani

Daftari la mapokezi ya mwani lina maradhi mawili: jina moja huandikwa kwa namna tatu, na kilo za mkulima mmoja huingia kwa mwengine. Hifadhidata ya kiuhusiano, ambayo huweka taarifa katika majedwali yanayofungamana, huyatibu yote mawili. Maelezo haya yanahusu PostgreSQL, programu huria isiyolipiwa, katika kompyuta yenye Ubuntu iliyopo katika ofisi ya ushirika, tuseme Paje au Jambiani.

Kusimika kwenyewe hakuchukui muda:

sudo apt update
sudo apt install postgresql

Wanaoanza wengi hukimbilia systemctl status, amri inayoonyesha hali ya huduma za kompyuta, wakaona neno «exited» na kudhani kwamba seva imekufa. Haikufa, kwani huduma hiyo kazi yake ni kuamsha seva yenyewe na kisha kujitoa. Tumia pg_lsclusters, ukiona «online» na bandari 5432 (namba ya mlango ambao seva hupokelea maombi), seva inafanya kazi.

Mtumiaji anayeitwa postgres ana mamlaka yote, kwa hiyo asitumiwe na karani. Muundie karani akaunti yake, kisha hifadhidata aimiliki yeye:

sudo -u postgres createuser --pwprompt karani
sudo -u postgres createdb --owner=karani mwani
psql -h localhost -U karani mwani

Katika amri ya mwisho usiiache -h localhost, kwani bila hiyo seva hulinganisha jina la karani na jina ulilofungulia kompyuta, na yasipofanana hukukatalia hata kama nenosiri ni sahihi.

Sasa, ndani ya psql iliyofunguka, unda majedwali:

CREATE TABLE wakulima (namba integer PRIMARY KEY, jina text NOT NULL);
CREATE TABLE mapokezi (mkulima integer NOT NULL REFERENCES wakulima(namba), tarehe date NOT NULL, kilo numeric(8,2) NOT NULL CHECK (kilo > 0));

Neno REFERENCES ndilo linalobeba mzigo. Siku za bamvua, wakati foleni ya magunia imefika nje na karani anaandika kwa haraka, akiingiza kilo 38 kwa mkulima namba 470 ilhali aliyekusudiwa ni 47, seva hukataa papo hapo ikiwa namba 470 haikusajiliwa. Akikosea kwa kuandika 74, ambaye yupo, seva haitajua. Kwa hiyo jina lisomwe kwa sauti kabla ya kuhifadhi.

Seva mpya husikiliza kompyuta yake tu, na kwa ofisi yenye mashine moja iache hivyo hivyo. Ikilazimu kuongeza ya pili, badilisha listen_addresses (anwani ambazo seva husikiliza) katika postgresql.conf, kisha taja anwani ya mashine hiyo peke yake katika pg_hba.conf, faili linalosema nani aruhusiwe kuingia, kwa njia ya scram-sha-256, yaani kwa nenosiri lisilotumwa wazi.

Linalobaki ni umeme. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka giza la mwaka 2008, na lile refu zaidi lililoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010. PostgreSQL huandika kila badiliko katika faili zake za kumbukumbu kabla ya kugusa faili za data, hivyo umeme ukikatika hujirekebisha inapowashwa. Diski haina kinga hiyo. Mimi niliwahi kuweka nakala rudufu katika diski ile ile ya seva. Umeme uliporudi kwa kishindo diski ikaungua, na nikaanza upya kutoka kwenye daftari la karatasi. Nunua UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika), na tengeneza nakala kila siku:

sudo install -d -o postgres /srv/nakala
sudo crontab -u postgres -e

Katika faili litakalofunguka, ambalo ni ratiba ya kazi zinazojiendesha, andika:

0 16 * * * pg_dump -Fc -f /srv/nakala/mwani-$(date +\%u).dump mwani

Hiyo 16 ni saa kumi za jioni. Anayeandika 10 kwa mazoea yetu ya saa atapata nakala ya saa nne asubuhi, kabla gunia la mwanzo halijapimwa. Alama ya %u hutoa namba ya siku ya wiki (Jumatatu ni 1), kwa hiyo utakuwa na nakala saba, na ile ya Jumatatu hufutwa na Jumatatu inayofuata.

Mara moja kwa mwezi ijaribu nakala mojawapo:

sudo -u postgres createdb jaribio
sudo -u postgres pg_restore -d jaribio /srv/nakala/mwani-1.dump

Ingia humo, jumlisha kilo za siku moja na uzilinganishe na stakabadhi za siku hiyo. Zikilingana, futa jaribio kwa dropdb, kisha nakili faili hilo katika diski ya nje isiyolala katika jengo hilo.