PhD ya sayansi ya utambuzi: anza na idara, mengine baadae

Vijana wa SUZA, yani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wengine walomalizia Bara wananiuliza sana hili suala, mtu ana digrii ya isimu au saikolojia au kompyuta, kasikia kuna PhD ya sayansi ya utambuzi, yani ile inayochunguza akili inavojifunza lugha, inavokumbuka, inavoamua mambo, sasa hajui aombe wapi maana kila tovuti ina maelezo yake. Haya, tuiweke sawa.

Hii fani haina mwenyewe mmoja. Imekusanya saikolojia, isimu, falsafa, anthropolojia, sayansi ya ubongo na kompyuta upande wa akili bandia, ndo maana vyuo vimeipanga kwa mitindo miwili. Kuna chuo chenye idara kamili, kama University of California San Diego walioanzisha yao 1986, humo unaingia moja kwa moja. Mtindo wa pili ndo unaowapoteza watu: huombi sayansi ya utambuzi kabisa, unaomba idara mama, tuseme isimu, wakishakukubali ndo unajiunga na programu ya pamoja na shahada inatoka na majina yote mawili. University of Colorado Boulder wanafanya hivo, na hao hao San Diego wana programu ya aina hii mbali na ile idara yao. Sasa wewe ukiandika barua imejaa ubongo na akili bandia halafu wasomaji wake ni watu wa isimu, wataiweka pembeni tu, na wao ndo wenye nafasi na pesa. Kwahivo kabla hujatizama jina la chuo, amua idara gani unaweza kusimama nayo hata hayo mengine yote yakiondoka.

Marekani hesabu miaka mitano na pengine zaidi. Ile miwili ya mwanzo ni darasani, kozi za idara mama pamoja na za fani nyengine, takwimu huikimbii, na kuandika programu kwa Python au R ndo hivo hivo. Hizi kozi za nje zinauma jamani, mtu wa falsafa anakalishwa chini asome seli za neva. Kwengine utapitishwa kwenye maabara mbili tatu kabla hujachagua msimamizi, ufanye utafiti mdogo, halafu mtihani wa kufuzu, utetee pendekezo la utafiti wako, ndo uingie kwenye tasnifu. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, madarasa machache au hamna, mada uwe nayo tokea siku ya kuomba. Kwa anaetaka kujifunza fani mpya mie namshauri Marekani, na kule vyuo vingi vinakuchukua hata kama huna masta.

Sasa kamati, yani wale walimu wanaosimamia na kupima tasnifu yako, hapa ndo pana kazi. Programu hizi kawaida zinadai kamati yako iwe na mwalimu kutoka nje ya idara mama. Chukua mfano unataka kujua watoto wa Pemba wanatumia ngeli kukisia neno linalokuja. Mtoto anaoneshwa picha mbili, kikombe na nyumba, anasikia "kiko wapi kikombe?" na kamera inafuata macho yake, je yanakwenda kwenye kikombe pale pale aliposikia "kiko" au anasubiri neno lenyewe? Swali zuri, lakini mtu wa isimu atataka uchambuzi wa ngeli zote, wa saikolojia atakwambia ongeza watoto, wa kompyuta anataka modeli. Njia mbili zilimshinda fisi na wewe unazo tatu. Dawa yake ni kukutana nao wote mapema, mkubaliane kwa maandishi tasnifu itakuwa na sehemu gani na nani anasimamia ipi, kisha watumie muhtasari kila mkimaliza kikao.

Kuomba: dedilaini nyingi za Marekani ni Disemba, basi Agosti au Septemba uwe ushaandika imeili kwa walimu, fupi, utaje kazi yao moja uloisoma kweli. Vyuo vingi siku hizi havidai GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, ila kipimo cha Kiingereza ulizia mapema. Ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, usione haya. Na kama barua ya ofa haijataja pesa ya kuishi usifunge begi, uliza kwanza analipa nani na kwa miaka mingapi.

Kama data utakuja kukusanya huku nyumbani, tenga muda wa kutosha kwa vibali. Kamati ya maadili ya chuo chako peke yake haitoshi, unahitaji na kibali cha utafiti cha serikali hapa Zanzibar, na ukifika kijijini unaanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, barua mkononi, kabla hujagonga mlango wa mzee yeyote. Kwa watoto wa skuli ongeza idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na fomu ziwe za Kiswahili cha kueleweka, mzazi hawezi kutia saini kitu asichokielewa. Anza hayo makaratasi hata kabla hujatetea pendekezo, maana tiketi ya kurudi kule ina tarehe na kibali hakina.