Fundi bomba kaondoka, shimo limebaki: namna ya kuliziba ukutani

Fundi bomba akimaliza kazi yake hubeba mkoba akaondoka, na wewe unabaki na shimo ambalo mtoto anaweza kujificha akicheza kombolela. Mimi ni mwashi hapa Mwanza. Simu nyingi za namna hii nazipokea shimo likiwa limeshazibwa mara moja, lipu imepasuka kufuata bomba, au imevimba na inalia tupu ukiigonga. Ukiuliza, unaambiwa lilizibwa siku ileile, kwa mkupuo mmoja. Shimo kubwa linataka siku tatu, tena linazibwa kuanzia ndani kuja nje.

Hatua ya 1: Jaribu bomba kwanza

Kuna nyumba ya Nyegezi niliwahi kuziba kwa kuamini neno tu: “Hiyo imekaa, wewe ziba.” Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba akanipigia: “Fundi, njoo uone, ukuta wako unatoa jasho.” Elbo moja, yaani kiungo cha kona, ya bomba la PPR (lile la plastiki linalounganishwa kwa moto) haikushika vizuri ilipochomelewa. Nilivunja kazi yangu kwa mikono yangu, na hela sikuongezewa.

Kwa hiyo funga koki zote za ndani, acha ile ya kwenye mita wazi, andika namba za mita kabla ya kulala. Asubuhi zisiwe zimesogea. Nasema usiku kwa sababu ndipo presha inapopanda, watu wakiwa wameacha kuchota, na kwa nyumba zilizo chini ya vilima vyetu hivi vya mawe presha hiyo si ya mchezo. Kama maji yanatoka tenki la juu na hakuna mita, zungushia tishu kavu kwenye kila maungio, ulale nayo hivyo. Asubuhi ifungue taratibu. Ukiona pembe imelowa, hata kidogo kama tone la chai, mrudishe fundi bomba.

Kabla hujaendelea, weka futi kamba kando ya bomba, upige picha ionyeshe umbali kutoka sakafuni na kutoka kwenye kona.

Hatua ya 2: Panua shimo

Ndiyo, panua. Zima umeme kwenye meni switchi, maana nyaya hupenda kupita jirani na bomba. Halafu gonga lipu kuzunguka shimo kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima sauti ni kavu na fupi. Palipoachana na tofali sauti inavuma kama ya debe tupu. Hapo pote bandua kwa tindo. Mwisho kata lipu, lipu tu na si tofali, sentimita 10 zaidi kila upande, kingo ziwe zimenyooka. Piga brashi vumbi lote litoke.

Bomba la maji ya moto lizungushie sponji kwanza. PPR hurefuka ikipata moto, na ikibanwa na saruji moja kwa moja itatafuta pa kupumulia kwenye lipu yako.

Hatua ya 3: Mchanga

Hapa ndipo watu wanapojiponza. Mchanga wa ufukweni mwa ziwa hauna chumvi, maana maji ya Victoria ni baridi, lakini mara nyingi ni laini mno, una vumbi na vipande vya konokono. Isitoshe, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo za ziwa, kwa hiyo usimtume kijana na toroli huko. Nunua mchanga wa mto, kisha uupime: jaza chupa angavu nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, tafuta mwingine.

Saruji ya 32.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) inatosha. Kujazia, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga. Lipu ya mwisho, moja kwa tano. Tabaka la juu lisiwe gumu kuliko la chini yake, la sivyo litajikunja na kubanduka. Changanya kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja. Mota, yaani huo mchanganyiko wa saruji na mchanga, ikianza kukaza usiifufue kwa maji, itupe.

Hatua ya 4: Jaza tumbo la shimo

Lowesha tofali. Zile za kuchoma zinakunywa maji vibaya sana. Rudia mpaka ziache kufyonza, lakini maji yasiwe yanatiririka. Paka uji wa saruji (saruji na maji tu), na kabla haujakauka anza kupanga vipande vya tofali vilivyoloweshwa, mota ikiingia kila pengo, hasa nyuma ya bomba. Tumia kidole kama mwiko haufiki. Kama shimo limetokea chumba cha pili, egemeza ubao upande ule. Ishia sentimita mbili na nusu chini ya uso wa lipu ya zamani, chora michirizi kwa ncha ya mwiko, ulale.

Hatua ya 5: Waya na lipu

Kesho yake pigilia wavu wa kuku kwa misumari ya zege, uingie zile sentimita 10 za pembeni. Angalia lilikopita bomba kabla ya kila msumari! Lowesha, rusha lipu ya kwanza ipite kwenye matundu ya wavu, unene wa sentimita moja na nusu hivi, uchore michirizi tena. Siku ya tatu piga ya mwisho, uvute rula ya aluminiamu ikiwa imelala juu ya lipu ya zamani pande zote mbili, halafu sugua kwa ubao.

Hatua ya 6: Maji, puti, rangi

Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo ukiwa mkavu, funika kwa gunia bichi. Subiri wiki nne ndipo upige puti, ile ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, na msasa. Taa zote zikiwa zimezimwa, laza tochi ya simu ukutani: kila kinundu kitatoa kivuli chake.

Rangi ipake ukuta mzima, kona hadi kona, maana kiraka kikipakwa peke yake jua la jioni litakianika. Na ile picha yenye futi kamba usiifute. Siku ukitaka kutundika televisheni hapo, ifungue kabla ya kushika drili.