Jinsi ya kusoma kopo la keki jeli na kujua zile namba za E zinaenda wapi mwilini

Juzi mama mmoja wa Kirumba alikuja kuchukua keki ya mjukuu wake, kaona kopo la keki jeli (ule mchanganyiko mzito tunaotia kwenye keki iumuke vizuri) mezani kwangu kalishika kaliangalia weee, kaniuliza mwanangu hii kemikali ndo unawalisha watoto? Nikamwambia mama kaa kidogo nikuelezee, tukakaa karibu saa zima. Naandika hapa nilichomwambia maana wote tunaooka hapa Mwanza tunanunua makopo haya haya kule Makoroboi na wateja wana haki ya kujua.

Anza kwa kugeuza kopo usome viungo. Namba za E ni majina ya kifupi ya vitu vinavyoongezwa kwenye vyakula vya kiwandani. Ukikuta E471, E475, E477, au E433 (hii ipo sana kwenye aiskrimu), hizo zote ni esta za asidi ya mafuta. Esta ni asidi ya mafuta iliyoungwa na kitu kingine, basi. Hata mafuta yanayochuruzika kwenye sangara ni esta, asidi tatu zimeshikwa na gliserini moja. Kwahiyo neno esta lisikutishe, la kuuliza ni mawili tu, mwili unaweza kuikata? Na ukishaikata kinabaki nini?

Sasa inavyokatwa. We chukua sufuria uliyokaangia sangara uioshe kwa maji matupu ya baridi, haitakati, mpaka utie sabuni mafuta yavunjike vidonge vidogo vidogo. Nyongo ndo sabuni ya utumbo mwembamba. Ikishayavunja, kongosho linaleta kimeng'enya kinaitwa lipesi, hicho kinakata zile asidi mbili za pembeni, inabaki gliserini na asidi moja ya katikati, vinaingia kwenye ukuta wa utumbo, na humo ndani vinaungwa upya vinakuwa mafuta kamili tena, vinafungwa kama mizigo midogo na kupita njia ya limfu (mishipa inayobeba majimaji ya mwili), siyo moja kwa moja kwenye ini, hadi karibu na bega la kushoto ndo vinamwagika kwenye damu. Ndo maana mtu akitolewa damu masaa machache baada ya kula chipsi mayai, maji ya damu yake yanaweza kuwa meupe kama maziwa. Asidi fupi fupi kama baadhi ya zile za kwenye nazi zenyewe zinakata shoti kwenda kwenye ini.

Haya rudi kwenye kopo. E471 ni gliserini yenye asidi moja au mbili, yaani karibu kilekile ambacho utumbo wako unakitengeneza kila ukila wali wa nazi. Mwili hauoni mgeni hapo, inahesabika kama mafuta mengine na inakunenepesha kama mafuta mengine. E475 inakatwa, asidi zinatumika, ile gliserini ndefu iliyobaki (gliserini kadhaa zilizoungana) mwili hauna kazi nayo unaitoa kwenye mkojo na haja kubwa. E477 ikikatwa inaacha propilini glaikoli (aina ya alkoholi), ini linaigeuza kuwa laktiki asidi, jamii ya ile inayotoka kwenye misuli ukikimbia. E433 inakatwa asidi yake na mabaki mengi yanapita tu na choo, ila mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa panya kwamba inaweza kupunguza ule ute unaolinda utumbo na kuleta uvimbe, ni panya siyo watu, lakini mi aiskrimu ya wanangu natengeneza mwenyewe kwa maziwa na mayai.

Ila kuna esta moja ambayo haiandikwi kwenye kopo lolote na hiyo ndo inaninyima raha. Mafuta ya mawese yakisafishwa kiwandani kuondoa harufu yanachemshwa kupita nyuzi 200, na kwenye moto huo zinazaliwa esta za glisidoli. Zikifika tumboni lipesi inazikata vizuri tu kama inavyokata zingine, lakini kinachoachiwa ni glisidoli, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la 2A, yaani huenda inaleta saratani kwa binadamu. Ulaya waliweka kikomo mwaka 2018, miligramu 1 kwa kilo ya mafuta. Kwahiyo kinachoitwa cha asili ndo hapo kinaweza kuleta shida kuliko E471 yenye jina baya. Mi nimepunguza yale mafuta meupe magumu ya mawese, natumia alizeti iliyokamuliwa na kuchujwa tu, na mawese mekundu ya Kigoma yasiyosafishwa kiwandani nikiwa napika mboga.

Mwisho piga hesabu ya kiasi. Kwa propilini glaikoli kikomo ni miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtoto wa kilo 15 ni 375. Keki yangu inakula gramu 20 za jeli na naikata vipande 20, kila kipande gramu 1. Tuseme kwa ubaya kabisa jeli yote ni E477 tupu, propilini glaikoli ndani yake haifiki robo, kama miligramu 220. Kipande kimoja yuko salama, viwili kapita kidogo. Na jeli yenyewe siyo E477 tupu, ina maji na vitu vingine pia, ila yule mama nilimwambia kabisa, mjukuu kipande kimoja, na wewe mama ukitaka viwili kula.