Mgahawa mdogo wa supu Seoul: mambo ya kujua kabla hujaketi

Mgahawa mdogo wa supu wa Kikorea, ule wenye meza sita au nane kwenye kichochoro cha Seoul, hupika aina moja au mbili za supu basi. Mifupa imechemka usiku kucha, wali umeshapakuliwa kwenye vibakuli vya chuma vyenye mifuniko, na ukishaagiza chakula kinafika baada ya dakika chache. Mezani hakuna muda wa kujiuliza. Nyama gani, saa ngapi, mko wangapi: hayo yaamuliwe kabla hujavuta mlango. Tena kuna jambo ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wameshakula nusu bakuli: supu nyingi nyeupe huletwa zikiwa na chumvi kidogo sana au bila chumvi kabisa, kwa makusudi, na anayemalizia kuikoleza ni mlaji.

Kwanza tenganisha makundi. Guk na tang ni supu, na kila mtu ana bakuli lake. Ikiliwa na wali ndani yake huitwa gukbap. Jjigae ni mchuzi mzito uliokwisha kukolezwa kwa kimchi (kabichi iliyochachushwa), kwa pilipili au kwa doenjang, yaani soya iliyochachushwa. Jeongol ni sufuria pana inayochemshwa mezani juu ya jiko la gesi na kuliwa na watu wawili au zaidi. Tofauti hii ina kazi: tang huongezwa chumvi, jjigae haiongezwi. Ukiitia jjigae chumvi kabla ya kuonja umeiharibu, kwa sababu kimchi na doenjang zenyewe zina chumvi nyingi.

Sasa kilichomo chunguni, na hapa pasomwe taratibu, hasa kwa asiyekula nguruwe. Majina hayasaidii sana. Gamjatang hutafsiriwa mara nyingi kuwa supu ya viazi, kumbe uti wake ni uti wa mgongo wa nguruwe. Kiazi ni kimoja au viwili tu. Budae jjigae, iliyozaliwa baada ya vita vya 1950 hadi 1953 kutokana na nyama za makopo zilizotoka kambi za jeshi la Marekani, ina soseji na nyama ya nguruwe ya kopo. Kimchi jjigae kwa kawaida hupikwa na nguruwe hata kama orodha haisemi. Sundubu jjigae, ile ya tofu laini (jibini la soya), huweza kuwa na nguruwe wa kusaga hata inapoitwa ya vyakula vya baharini. Dwaeji gukbap, fahari ya mji wa Busan, ni nguruwe mtupu. Haejangguk ni supu ya watu walioamka na uchovu wa pombe. Nyingi zina damu ya ng'ombe iliyogandishwa na kukatwa vipande, au uti wa mgongo wa nguruwe. Ile ya chipukizi za soya, inayojulikana sana kwa mji wa Jeonju, haina damu.

Jifunze maandishi machache tu: 돼지 ni nguruwe, 소 ni ng'ombe, 닭 ni kuku, 선지 ni damu. Angalia vizuri 순두부 na 순대: yanaanza sawa, lakini la kwanza ni tofu na la pili ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Kisha tazama ukutani, karibu na kaunta. Sheria ya Korea inaitaka migahawa ionyeshe nchi zilikotoka nyama, mchele na kimchi, hivyo karibu kila mahali kuna bango dogo lenye orodha hiyo. Ukiona 돼지고기 kwenye bango, jikoni kuna nguruwe, hata kama wewe umeagiza supu ya ng'ombe. Bango hilo husema kweli kuliko picha za nje.

Supu za ng'ombe ni seolleongtang (mifupa na nyama, rangi ya maziwa), gomtang na galbitang ya mbavu. Aliyekulia kwenye supu ya makongoro ataielewa seolleongtang kwa kijiko cha kwanza: nzito, ya mifupa, isiyo na pilipili. Lakini ng'ombe si halali kwa kuwa ni ng'ombe tu. Anayehitaji nyama iliyochinjwa kisheria aelekee Itaewon, mitaa inayozunguka Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976, ambako ipo migahawa ya Kikorea yenye kibali cha halali. Shirika la utalii la Korea nalo hugawa migahawa katika madaraja manne, kuanzia yenye kibali rasmi, yale ambayo mwenye mgahawa anajithibitishia mwenyewe, yanayowafaa Waislamu, hadi yasiyotumia nguruwe pekee. Daraja la mwisho halina maana kwamba nyama ni halali, wala kwamba pombe haiuzwi. Na samgyetang, kuku mchanga aliyejazwa mchele wa kunata, ginsengi (mzizi wa dawa), kitunguu saumu na kunazi kavu, mara nyingi huletwa pamoja na kikombe kidogo cha pombe ya ginsengi bila kuombwa. Wengine huimimina ndani ya supu. Kama hutaki, sema wakati wa kuagiza, si kikombe kikishafika.

Kwa asiyekula nyama kabisa, mgahawa wa aina hii ni mgumu, na ni heri kulisema hilo wazi. Doenjang jjigae inaonekana ya mboga, lakini mchuzi wake huanza kwa dagaa wakavu na mwani. Kimchi nyingi hutiwa uduvi uliochachishwa kwa chumvi au maji ya samaki. Kwa hiyo mwenye mzio wa kamba na jamii yake asidhani kimchi ni kabichi na pilipili tu. Seolleongtang huwa na tambi nyembamba za ngano chini ya nyama, na michuzi ya soya nayo huwa na ngano mara nyingi. Usitegemee kueleza mambo haya kwa ishara wakati foleni iko mgongoni. Andika sentensi kwenye simu mapema uioneshe: 돼지고기 못 먹어요 (sili nguruwe), 새우 알레르기 있어요 (nina mzio wa kamba).

Saa ya kwenda. Wafanyakazi wa ofisi hujaa kati ya saa tano na nusu na saa saba mchana, na ukiingia peke yako muda huo unaweza kuombwa ushiriki meza. Nenda saa tano kamili, au baada ya saa saba. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni migahawa mingi hufunga kupumzika; kibao huandikwa 15:00~17:00. Angalia pia saa ya oda ya mwisho, ambayo hutangulia saa ya kufunga kwa nusu saa au zaidi. Nyumba za zamani zina desturi zao: Hadonggwan ya Myeongdong, inayouza gomtang tangu 1939, hufunga jioni mapema, na supu ikiisha kabla ya hapo basi imekwisha. Sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa kalenda ya mwezi) na Chuseok (sikukuu ya mavuno) wengi hawafungui. Kwa samgyetang ziepuke siku tatu za joto kali za kalenda yao, chobok, jungbok na malbok, kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti: nchi nzima hula kuku siku hizo na foleni huzunguka jengo. Kutafuta njia tumia Naver Map au KakaoMap. Ramani ya Google imekuwa dhaifu Korea kwa miaka mingi, hasa kwa njia za miguu.

Idadi yenu ni muhimu kuliko mnavyodhani. Gukbap na tang zinamfaa mtu aliye peke yake, lakini jeongol, budae jjigae na gamjatang ya sufuria kubwa huuzwa kuanzia watu wawili. Kwenye orodha tafuta 2인. Watu wazima watatu wakiagiza bakuli mbili wanaweza kukataliwa, maana kila kiti kinahesabiwa sahani yake. Kwa bajeti, gukbap ya Seoul huwa takribani won 9,000 hadi 13,000, samgyetang hupanda zaidi. Wali, kimchi na vitoweo vidogo vimo humo. Kibakuli cha wali cha nyongeza ni won 1,000 au 2,000.

Vitoweo vidogo, banchan, huongezwa bure. Ila sehemu nyingi maji na nyongeza unachota mwenyewe kwenye meza ya pembeni. Kwenye nyumba za seolleongtang, kimchi na kkakdugi (figili nyeupe zilizokatwa vipande vya mraba) hukaa mezani kwenye mitungi yenye vifuniko, pamoja na koleo na mkasi. Mkasi ni wa kukatia kimchi. Kata kiasi utakachomaliza, kwa sababu kubakiza kimchi uliyojipakulia mwenyewe huonekana vibaya. Vijiko na vijiti utavikuta kwenye droo iliyo ubavuni mwa meza. Wengi huzungusha macho wakisubiri kuletewa.

Bakuli likifika, usiguse. Lile jeusi la udongo, ttukbaegi, huondolewa motoni likichemka na huendelea kutokota mezani kwa dakika moja mbili. Ukingo wake huunguza vidole, na mvuke wa kijiko cha kwanza huunguza ulimi kiasi cha kuharibu mlo wote. Mtoto akae mbali na upande linakopitishwa. Kwenye sundubu, yai bichi livunje papo hapo, lisukume chini kwa kijiko na uliache. Ukichelewa dakika tatu joto limeshuka na yai litabaki majimaji.

Kisha kukoleza, na hapa ndipo mlo hutengenezwa au huharibiwa. Geuza supu kutoka chini, pakua kijiko kwenye kisahani, pulizia, onja. Tia robo ya kijiko cha chai cha chumvi, koroga, onja tena. Usifuate ulimi wako supu ikiwa inatokota: joto kali hufunika chumvi, na supu iliyokuwa sawa ikichemka itakuwa chungu ya chumvi ikipoa. Iache ipungukiwe chumvi kidogo, kwani kimchi utakayokula nayo itaongeza. Kwenye dwaeji gukbap chumvi hutoka kwa uduvi: nusu kijiko cha chai, si zaidi, kisha majani ya kitunguu jamii ya saumu yanayoletwa kwenye sahani. Chungulia kama kuna donge jekundu juu au chini ya supu. Hilo ni dadaegi, pilipili iliyokolezwa. Litoe kwa kijiko kabla ya kukoroga, onja mchuzi mtupu, halafu lirudishe kidogo kidogo. Ukishalikoroga lote, supu zote zina ladha moja. Vitunguu majani vitie kwa wingi. Kwa seolleongtang, kijiko kimoja au viwili vya maji ya kkakdugi mwishoni huleta uchachu mzuri. Wali usiutie wote mara moja, maana hunyonya mchuzi na kubaki uji. Tia nusu, kula, tia uliobaki. Ukitaka wali uje kando mahali unapopakuliwa ndani ya supu, agiza ttaro gukbap.

Kwa jeongol, mhudumu ndiye anayewasha na kupunguza moto, mwachie. Tambi za kavu ziingie mchuzi ukishachemka, zikae dakika tatu hivi na ziliwe kwanza, kwani hukausha sufuria. Mchuzi ukipungua omba yuksu deo juseyo, na kwa kawaida huongezwa bila malipo.

Adabu ni chache. Mkubwa kwa umri aanze. Wali na supu huliwa kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti. Bakuli halinyanyuliwi mdomoni, na kijiko hakisimamishwi wima katikati ya wali, kwa kuwa hivyo hufanyiwa marehemu. Pilipili ikifungua pua, futa tu. Kupenga, nenda nje. Kama sakafu imeinuka mlangoni, vua viatu, kwa hiyo vaa soksi nzima. Kumwita mhudumu bonyeza kengele ya meza, au sema yeogiyo kwa sauti ya kawaida. Si utovu wa adabu.

Malipo ni kaunta wakati wa kutoka. Kadi hukubaliwa karibu kila mahali, lakini mashine za kujiagizia mlangoni wakati mwingine hukataa kadi za nje, kwa hiyo beba pesa taslimu won 20,000 au 30,000. Bakshishi haitolewi, na bei iliyoandikwa tayari ina kodi. Choo mara nyingi kiko nje, kwenye ngazi za jengo, na mlango wake una namba ya siri: iulize kaunta kabla hujatoka.