Kisanskriti kwa anayeanza, ukiwa Moshi au Arusha

Kama uko Moshi au Arusha na unatamani kujifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya India, usisubiri mtu afungue darasa. Karibu kila unachohitaji kipo mtandaoni, tena kingi ni bure. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Moshi, na Kisanskriti nakisoma jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Nakusihi mapema: chagua kitabu kimoja cha masomo, kamusi moja na sauti moja ya kusikiliza. Ukirundika mafaili kwenye simu, hutafungua hata moja. Vitabu nitakavyovitaja vyote ni vya Kiingereza, hivyo uwe unakisoma bila taabu.

Anza na herufi za Devanagari, ambazo Kisanskriti huandikwa kwazo, na uziandike kwa mkono. Kaunta buku na kalamu ya risasi vinatosha. Konsonanti 25 za mwanzo zimepangwa safu tano kufuata mahali sauti inapotoka: nyuma mdomoni, kwenye kaakaa, ncha ya ulimi ikikunjwa juu, menoni, kisha midomoni. Mpangilio huo ni mzuri mno, na aliyewahi kusoma fonolojia ya Kiswahili ataupenda mara moja. Chukua safu moja kwa siku, uiandike huku ukiisema kwa sauti.

Sisi Waswahili tuna mtego wetu. Vitabu huandika Kisanskriti kwa herufi za Kirumi pia, na humo dh, th na gh si zile za dhahabu, thelathini na ghali. Dh ya dharma ni d inayotoka na pumzi. Th ni t yenye pumzi, na gh vivyo hivyo. Weka kiganja mbele ya mdomo utamke ka, kisha kha: ya pili lazima uisikie kiganjani. Herufi c isome kama ch yetu, ś kama sh, ñ kama ny, na ṅ kama ng' ya ng'ombe. Yaandike haya ukurasa wa kwanza wa daftari lako, maana macho yatakudanganya kwa wiki kadhaa.

Kwa kitabu, mwenye uwezo wa kununua atafute cha Antonia Ruppel kilichotoka Cambridge mwaka 2017. Kinaeleza kwa upole na hakimwachi msomaji njiani. Asiye na uwezo aingie Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Huko kuna kitabu cha masomo cha Perry, sarufi ya Whitney ya mwaka 1879, na kitabu cha kusomea cha Lanman cha mwaka 1884, vyote bure kwa kuwa hakimiliki zake zimekwisha. Mafaili ni mazito, hivyo yapakue penye waifai, usimalize bando. Kisha nenda steshenari ukaprinti masomo machache ya mwanzo tu ya Perry. Whitney mwache kwenye simu. Huyo ni wa kumwendea ukiwa na swali.

Kamusi ni ya Monier-Williams, toleo la 1899, ambayo Chuo Kikuu cha Cologne kimeiweka mtandaoni bure. Kuitumia kunahitaji ujanja kidogo. Tazama mstari wa kwanza wa hadithi ya Nala, ambayo Lanman anaanza nayo: āsīd rājā nalo nāma. Maana yake, palikuwa na mfalme jina lake Nala. Ukitafuta “nalo” kama lilivyo hapo, hutampata mfalme huyo. Neno ni nalaḥ, mwisho wake umegeuka kuwa o kwa sababu linalofuata linaanza na n. Āsīd ni āsīt iliyolainishwa na r iliyo mbele yake, na kwenye kamusi unatafuta mzizi as, kuwa. Rājā utalikuta chini ya rājan. Mabadiliko haya ya sauti yanaitwa sandhi, na ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa. Usikate. Anayejua kwa nini tunasema kitabu kizuri lakini mtoto mzuri ameshazoea maneno kuvutana. Hapa kuna jinsia tatu, idadi tatu (wawili wana umbo lao) na hali nane za nomino (maumbo yanayoonyesha kazi yake kwenye sentensi), ila upatanisho wenyewe si mgeni kwetu.

Kwa upande wa sikio, Samskrita Bharati, chama kilichoanzishwa India mwaka 1981, kina masomo ya mazungumzo kwenye YouTube. Redio ya taifa ya India nayo inasoma taarifa ya habari kwa Kisanskriti tangu 1974. Pia Moshi na Arusha kuna mahekalu ya Wahindu. Nenda kwa adabu, vua viatu, msalimie mzee utakayemkuta na uombe kusikiliza sala zikisomwa. Ila jua kwamba wengi hapo wanazungumza Kigujarati, na lugha hiyo humeza a ya mwisho: utasikia Ram, wakati Kisanskriti ni Rāma. Wewe itamke yote, kama ulivyozoea.

Nala usimguse kabla hujamaliza nomino zinazoishia na a na wakati uliopita wa vitenzi. Ukifika hapo, soma mstari mmoja kwa siku, ukate maneno mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Ukikwama, ndipo ufungue tovuti ya Sanskrit Heritage ya Gérard Huet: unaandika mstari, nayo inakuonyesha namna unavyoweza kukatwa. Linganisha na ulichokata wewe, usahihishe daftarini.